Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: studio ndogo inayohifadhi sauti za Wawelisi na Waroma

Nasaidia kwenye studio moja ndogo mjini Cardiff, Wales. Ni watu wachache, mashine za kanda zilizozeeka kuliko mimi, na rafu iliyojaa maboksi. Kila nikitaja kazi hii kwa Waswahili wenzangu, wa hapa au wa nyumbani, naulizwa maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili siku nyingine nijibu kwa kutuma ukurasa. Anayejua mambo ya msingi aruke hadi sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Wales ni nchi, au ni mkoa wa Uingereza?

Ni nchi ndani ya dola la Uingereza, kama ilivyo Scotland. Ina bunge lake, Senedd, lililoanza mwaka 1999. Na ina lugha yake, Kiwelisi, ambayo si lahaja ya Kiingereza hata kidogo. Ni lugha ya Kikelti, na ndugu yake wa karibu ni Kibretoni kinachosemwa magharibi mwa Ufaransa. Mtu wa London akiwasikiliza wazee wa Caernarfon wakizungumza, anaambulia patupu sawa na wewe.

Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,300, yaani 17.8% ya wakazi wa Wales wenye miaka mitatu na zaidi. Mwaka 1911 walikuwa zaidi ya 970,000. Serikali ya Wales imejiwekea lengo la kufikisha milioni moja ifikapo 2050.

Waroma ni nani?

Ni watu ambao mababu zao walitoka Bara Hindi yapata miaka elfu moja iliyopita, wakapita Uajemi, Armenia na nchi za Wagiriki, kisha wakatawanyika Ulaya nzima. Hawana nchi yao. Wana bendera, wimbo na siku yao, tarehe 8 Aprili, kwa kumbukumbu ya mkutano wao wa kwanza wa dunia uliofanyika karibu na London mwaka 1971.

Walipofika Ulaya Magharibi, wenyeji walidhani wametoka Misri, na kosa hilo ndilo lililozaa jina la Kiingereza, Gypsy. Sheria za Uingereza ziliwaita Wamisri kabisa. Ile ya 1530 iliwafukuza, na ya 1554 ikafanya kubaki kwao nchini kuwa kosa la kunyongwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi na washirika wao waliwaua Waroma kwa malaki. Inafaa kuyajua haya kabla hujashangaa kwa nini mzee wa Kiroma hamfungulii mlango kila mtu anayekuja na kinasa sauti.

Mbona nikisikia Kiromani naona kama Kihindi?

Kwa sababu asili yake ni hukohuko. Maji ni *pani*, kama wasemavyo Wahindi. Hesabu huanza *yek, dui, trin*, na tano ni *panj*. Nasi tuna maneno tuliyoyapokea kutoka upande huo, kama vile gari na pesa, ila yetu yalikuja na majahazi na biashara, ilhali yao walitembea nayo kwa miguu.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni namba. Saba, nane na tisa za Kiromani ni *efta, okto, enja*, na zimetoka kwa Wagiriki. Walikaa kwao muda mrefu hadi namba za mwanzo wakabaki nazo na zile za juu wakaazima. Sasa hesabu kwa Kiswahili: moja hadi tano ni zetu za Kibantu, kisha sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na nane imerudi kuwa yetu. Kuhesabu hadi kumi tu kunaonyesha watu wamekaa na nani.

Waroma wa Wales ni tofauti na wengine?

Ndiyo. Wao wenyewe walijiita *Kale*, neno linalomaanisha weusi. Familia iliyovuma zaidi ni ya Abram Wood, aliyeingia Wales katika karne ya 18. Wazee husimulia kuwa alikuja na fidla, na wengine hudai ndiyo fidla ya kwanza kupigwa Wales. Alizikwa mwaka 1799 Llangelynin, kanisa dogo linalotazama bahari huko kaskazini-magharibi. Kitukuu na kilembwe wakaenea milimani, wakajifunza Kiwelisi, na nyumbani wakaendelea na Kiromani chao.

Wasafiri wa Kiayalandi ni watu wengine, wenye asili na lugha yao, ingawa sheria na magazeti huwachanganya. Waroma waliohamia miaka ya karibuni kutoka Slovakia, Czech na Romania wana swali lao huko chini.

Kwa nini Kiwelisi na Kiromani mnaviweka rafu moja?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu, kwa hiyo nivumilie.

Wales ina kinubi kinachoitwa *telyn deires*, kinubi cha safu tatu. Nyuzi zimepangwa safu tatu sambamba. Mbili za nje zina sauti zilezile, na ya katikati ina nusu-sauti. Mpigaji akitaka nusu-sauti hupenyeza kidole kati ya nyuzi za nje, aguse ya ndani, atoke bila kukosea. Anayeijua kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, amezoea kuona nyuzi tatu kwa sauti moja zikipigwa pamoja. Hapa mambo ni mengine: mikono miwili inapiga sauti ileile kwa kupokezana, kila mmoja upande wake, na sauti inametameta kama maji juani.

Chenyewe kilianzia Italia, kikaja London, Wawelisi wakakipenda hadi wakakiita cha taifa. Kisha karne ya 19 ikakipiga pande mbili. Vikaja vinubi vya pedali, rahisi kwa muziki mpya wa kumbini. Wakati huohuo wahubiri wengi wa uamsho wa dini wakaona fidla, dansi na baa ni nyumba moja ya shetani. Wapo waliotubu wakaacha kabisa kupiga.

Waliobaki nacho, kwa sehemu kubwa, ni Waroma. Walipiga kwenye mahoteli, kwenye majumba ya matajiri na kwenye harusi, kwa sababu ndiyo ilikuwa riziki yao. John Roberts wa Newtown (1816–1894), ambaye mama yake alitoka ukoo wa Wood, aliitwa *Telynor Cymru*, mpiga kinubi wa Wales, na mwaka 1889 yeye na wanawe walimpigia Malkia Victoria alipotembelea jumba la Palé karibu na mji wa Bala. Kitukuu chake, Eldra Jarman (1917–2000), alizipokea nyimbo za familia kwa sikio, naye akamfundisha Robin Huw Bowen, ambaye amezipeleka majukwaani nchi nyingi. Kwa upande mwingine, Nansi Richards (1888–1979) alikulia Montgomeryshire akiwasikia wapiga vinubi wa Kiroma, na yeye ndiye anayesifiwa kwa kukirudisha kinubi hicho kwa Wawelisi wenyewe.

Sasa niambie, kanda ya wimbo wa aina hiyo niiandike Kiwelisi au Kiromani? Hifadhi nyingi zimeandika Kiwelisi, na familia ya Wood ikabaki tanbihi. Sisi tunaandika vyote viwili, na jina la mtu aliyeupiga.

## Kazi yenyewe

Studio huru inafanya nini ambacho makumbusho hayafanyi?

Makumbusho yanafanya mengi, nisiyavunjie heshima. Jumba la St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, lilifunguliwa mwaka 1948, na wafanyakazi wake walizunguka mashambani kwa miongo wakirekodi wazee. Maktaba ya Taifa iliyoko Aberystwyth inatunza filamu na sauti, na tangu 2023 ina hifadhi kubwa ya matangazo ya redio na televisheni. Chuo Kikuu cha Liverpool kina mkusanyiko mkubwa wa nyaraka za Waroma.

Lakini taasisi hungoja uje kwao, ujaze fomu, uonyeshe kitambulisho. Bibi mwenye kanda kumi chini ya kitanda haendi. Studio ndogo humfuata, hunywa chai, hurudi wiki ijayo, hunywa chai tena. Pengine ziara ya tatu ndiyo boksi linafunguliwa. Na tukimaliza, nakala ya kwanza ni ya familia. Taasisi hupata ya pili, ikiwa familia imekubali.

Kwani Wawelisi hawana televisheni yao?

Wanayo, S4C, iliyoanza kurusha matangazo Novemba 1982. Haikuja kwa hisani. Serikali ya Thatcher iliahidi, ikageuka, na mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans akatangaza kuwa atafunga kula hadi kufa. Serikali ikarudi kwenye ahadi yake kabla hajaanza.

S4C haitengenezi vipindi vyake vingi yenyewe. Huviagiza kwa kampuni za nje, na ndiyo maana Wales, pamoja na udogo wake, ina watayarishaji huru wengi. Studio kama hii yetu inaishi kwenye ua huo.

Huku Wales, Kiromani hakina kituo, hakina shule, hakina mwanasiasa wa kukifungia kula. Kiwelisi kilikuwa na Biblia kamili tangu 1588, na kwa hiyo kilikuwa na maandishi, wasomaji na wachapaji. Kiromani cha Wales kilikuwa na vinywa tu. Ndiyo maana saa moja ya kanda ya Kiromani inatupa presha kuliko saa mia za Kiwelisi.

Kanda ya zamani inaokolewaje?

Kwanza, usiicheze. Kila mtu akipata kanda ya babu hukimbilia kuicheza kwenye redio mbovu, na redio inaila. Tunaikagua kwa macho na pua. Kanda inayonuka siki ni ya asetati inayooza, na inatakiwa iwahiwe. Kanda za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi gundi yake imenyonya unyevu, hivyo hunata na kupiga kelele kwenye kichwa cha mashine. Hizo huokwa kwenye joto dogo, nyuzi 50 hivi, kwa saa nyingi, ndipo zicheze kwa muda mfupi kabla hazijanata tena. Usijaribu kwenye oveni ya jikoni, tafadhali.

Kisha fundi husawazisha kichwa cha mashine kifuate pembe ya kanda hiyo hasa, maana kila kinasa kilirekodi kivyake. Sauti inaingizwa kwenye kompyuta kwa faili la WAV, biti 24, kilohezi 96. Faili hilo haliguswi. Usafishaji wa kelele hufanywa kwenye nakala, tena kwa kiasi. Vijana wanapenda kufuta kila mlio hadi mzee anasikika kama anaongea kutoka ndani ya ndoo. Mlio wa moto na mbwa anayebweka nje ni sehemu ya mahali.

Nakala zinakuwa tatu, na mojawapo inakaa jengo jingine.

Pesa zinatoka wapi?

Ruzuku za sanaa, mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa, kazi za kuagizwa, na harusi. Ndiyo, tunapiga picha za harusi.

Filamu zenu mbona zina manukuu lakini hamwingizi sauti ya Kiingereza?

Kwa sababu sauti ndiyo tunayoihifadhi. Ukimfunika mzee kwa sauti ya mtangazaji, umebakiwa na picha ya mdomo unaocheza. Shida ya manukuu ni kwamba Wawelisi wengi hubadili lugha katikati ya sentensi, na wazee wa Kiroma waliweza kupita lugha tatu kabla ya nukta. Tunapaka rangi tofauti kwa kila lugha. Si nzuri machoni, lakini mtazamaji anajua amesikia nini.

Mbona mnarekodi pia kupika, kufuma vikapu na kufokea mbuzi? Si mkazanie nyimbo?

Wimbo mara nyingi umesharekodiwa. Namna mama anavyomwita mtoto kutoka ng'ambo ya mto, haijarekodiwa. Mbuzi ni nyongeza ya rafiki yangu wa Tanga aliyeuliza swali hili. Hapa ni kondoo.

## Ridhaa, haki na mambo yenye utata

Sauti iliyorekodiwa ni mali ya nani?

Kisheria, hakimiliki ya kurekodi kwa kawaida huwa kwa aliyepanga kazi ya kurekodi, na mwimbaji ana haki zake kama msanii. Lakini sheria na haki havilali kitanda kimoja.

Mwaka 1894 John Sampson, mkutubi wa chuo cha Liverpool, alikutana karibu na Bala na Edward Wood, mpiga kinubi. Alishangaa kusikia Kiromani ambacho hakijapoteza viambishi vyake, wakati kile cha England kilikuwa kimebaki maneno tu ndani ya Kiingereza. Akawafuata akina Wood kwa miaka mingi, hasa Matthew Wood, na mwaka 1926 ikatoka sarufi na kamusi yake, kitabu kizito ambacho wataalamu wanakitegemea hadi leo. Sampson aliwapenda watu hao. Alipofariki mwaka 1931, majivu yake yalimwagwa kwenye mlima Foel Goch kwa maneno ya Kiromani. Bila yeye tungekuwa na vipande tu.

Hata hivyo, jina jaladani ni moja. Waliotoa kila neno lililomo humo hawakuwa na hisa, na wajukuu wao walihitaji kadi ya maktaba ili wasome lugha ya babu yao. Mwaka 1979 Eldra Jarman na mumewe walichapisha, kwa Kiwelisi, historia ya Waroma wa Wales. Safari hiyo mtu wa ukoo mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu.

Kwetu, mkataba ni ukurasa mmoja, husomwa kwa sauti kabla ya kurekodi, na aliyetoa sauti anaweza kuiondoa baadaye bila kueleza sababu.

Kwa nini kanda nyingine mmezifungia?

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni lugha. Baadhi ya familia za Kiroma huona Kiromani ni ngao: ni cha ndani, na kumfundisha mgeni ni kumkabidhi ufunguo. Baada ya kusoma zile sheria za karne ya 16, siwezi kuwalaumu.

Ya pili ni marehemu. Kwa desturi ya zamani ya Waroma wa Uingereza, mtu akifa vitu vyake vilichomwa, hata gari lake la farasi alilolala humo. Hadi leo wapo wasiotaka jina la aliyekufa litajwe ovyo, sembuse sauti yake ichezwe ukumbini. Kumbe ndiyo sababu majumba ya makumbusho yana vitu vichache vyao. Hawakukosa vitu, waliviaga. Familia ikisema kanda ingoje miaka ishirini, inangoja.

Naweza kusema Gypsy?

Inategemea unamsemea nani. Waroma wengi wa Uingereza na Wales hujiita hivyo wenyewe bila tatizo, na kwa Kiwelisi ni *Sipsiwn*. Kwa wengi waliotoka Ulaya Mashariki neno hilo ni tusi. Muulize mtu anajiitaje. Kwa Kiswahili natumia Waroma.

Waroma wapya kutoka Ulaya Mashariki nao mnawarekodi?

Ndiyo, wakitaka. Wapo Cardiff, Newport na Swansea. Lahaja zao ni hai, watoto wanazisema uani, kwa hiyo hawaji kwetu kuokoa lugha. Mara nyingi wanataka video ya ubatizo, au nafasi ya vijana kujifunza kamera. Mwezi Juni, ambao Uingereza ni mwezi wa historia ya Waroma na Wasafiri, tunafanya nao maonyesho. Kijana wa Kislovakia aliyesikia kanda ya Kale wa zamani alicheka kwa mshangao: alielewa namba zote hadi kumi.

Kiromani cha Wales kimekufa?

Kama lugha kamili ya nyumbani, ndiyo, kilizimika katika karne ya 20. Kimebaki kwenye kitabu cha Sampson (tazama swali la mali), kwenye kanda chache, na kama maneno yaliyofichwa ndani ya Kiingereza na Kiwelisi cha wajukuu. Mtu akiniuliza kama kinaweza kufufuliwa, namrudishia swali la ngao: kwanza wenyewe waseme kama wanataka.

Nina kanda ya bibi yangu, ni ya Kiswahili. Mnaweza kunisaidia?

Kuisafisha tunaweza, na nitafurahi kusikia Kiswahili humu ndani siku moja. Lakini huenda huhitaji kuja. Kama kanda ni kaseti, itoe kwenye joto na unyevu, iweke wima, vunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake, na usiicheze hadi umpate fundi mwenye mashine safi.

Na kama bibi yuko hai, simu yako inatosha. Zima feni, funga dirisha la barabarani, weka simu juu ya kitambaa mezani badala ya kuishika, na uiweke hali ya ndege ili isiite. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya mliopo. Mwombe ruhusa kwa sauti, kanda ikiwa inazunguka. Kisha muulize alivyokuwa akienda kisimani, na nani alikuwa akimsubiri njiani, halafu nyamaza.